Shairi la Tennyson la Brigedi Nyepesi: mstari mmoja ndio umebeba shairi zima (uzi mrefu, njoo na chai)

Kipande_cha_Nne (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna uzi humu watu walikuwa wanabishana kama The Charge of the Light Brigade la mshairi Mwingereza Alfred Tennyson ni shairi la kusifia vita au la kulaani vita, ukafungwa kabla sijachangia, sasa naleta wa kwangu maana hili shairi nalipenda na naona watu wanalipita juu juu. Wengi wanakumbuka wale askari mia sita, wanakumbuka mizinga kulia mizinga kushoto, basi. Mimi nasema ukitaka kulielewa nenda ubeti wa 2, pale anaposema askari hakutishika japo alijua kuna mtu amekosea. Huo mstari ukiutoa shairi linakufa, na hapo sibahatishi, mwenyewe alishawahi kuutoa na nitafika huko.

Kwanza tukio lenyewe kwa ambao hawalijui. Ni tarehe 25 Oktoba 1854, Balaclava, rasi ya Crimea. Waingereza, Wafaransa na Waturuki wa Dola ya Osmani wanapigana na Urusi, wameuzingira mji wa Sevastopol, na Balaclava ndio bandari Waingereza wanayopitishia chakula na risasi. Asubuhi ile Warusi wakaja kuichukua. Wakaziteka ngome ndogo zilizokuwa juu ya kilima kirefu kinachokata katikati ya mabonde mawili, ngome ambazo wanajeshi wa Osmani walikuwa wanazilinda kwa mizinga ya Waingereza.

Sasa sikiliza mpangilio wa watu maana balaa limeanzia hapo. Lord Raglan, mkuu wa jeshi lote la Uingereza pale, mzee aliyepoteza mkono wa kulia Waterloo mwaka 1815, yeye yuko juu mlimani anaona kila kitu. Lord Lucan, mkuu wa vikosi vyote vya farasi, yuko chini bondeni, haoni kilichopo nyuma ya vilima. Lord Cardigan ndio anaongoza Brigedi Nyepesi, yani wapanda farasi wa silaha nyepesi, na huyu na Lucan ni mashemeji, Lucan alimuoa dada yake Cardigan, na walikuwa hawaivi chungu kimoja kabisa.

Raglan akaona Warusi wanataka kuondoka na ile mizinga waliyoiteka kilimani. Akatoa amri, Jenerali Airey akaiandika kwenye karatasi kwa penseli: vikosi vya farasi visonge mbele haraka, vimfuate adui, vijaribu kumzuia asiondoke na mizinga. Mizinga ipi, haikusemwa. Ukiwa mlimani na Raglan hilo swali halipo kabisa, mizinga unaiona inaburutwa. Ukiwa bondeni na Lucan, mizinga pekee unayoiona ni ile ya Warusi iliyopangwa mwisho kabisa wa bonde, na huku kulia na kushoto kwenye vilima kuna mizinga mingine na askari wa miguu wenye bunduki.

Aliyeshuka na karatasi ni Kapteni Louis Nolan, mpanda farasi hodari na mtu wa hasira za karibu. Lucan akamuuliza, tushambulie nini, mizinga ipi? Nolan akanyoosha mkono kuelekea bondeni akamwambia adui yako yule pale bwana, na mizinga yako ile pale. Basi.

Karibu watu 670 wakaingia lile bonde, kama kilomita 2 hivi za uwazi mtupu. Kama dakika 20 tu kuanzia kuondoka mpaka mabaki kurudi. Waliokufa ni kama 110, majeruhi zaidi ya 150, na farasi waliopotea ni kama 375. Nolan mwenyewe alikuwa wa kwanza kwanza kufa, kipande cha kombora kilimpiga kifuani hata bonde hawajalianza vizuri, kwa hiyo alichokimaanisha kwa ule mkono akaondoka nacho.

Naendelea kwenye komenti inayofuata.

Kipande_cha_Nne

Sasa shairi. Tennyson alikuwa mshairi rasmi wa malkia tangu 1850. Habari ilichukua kama wiki tatu kufika London. Gazeti la The Times lilikuwa na mwandishi kulekule vitani, William Howard Russell, na pia liliandika tahariri likisema askari wa Uingereza atatimiza wajibu wake hata kwenye kifo cha uhakika, na hapoozwi na kule kujihisi kwamba ni mhanga wa kosa la kutisha. Tennyson akayasoma hayo akiwa nyumbani kwake kisiwa cha Isle of Wight, na tarehe 2 Desemba akaliandika shairi kwa dakika chache tu. Gazeti la The Examiner likalitoa tarehe 9 mwezi huohuo. Mwanae Hallam aliandika baadae kwamba ule mdundo wa shairi zima ulitokana na maneno hayo ya kwamba mtu amekosea. Unaona? Kosa lilitangulia, farasi na mizinga vikaja baadae.

Mdundo wenyewe ni pigo moja zito halafu mepesi mawili, zito, mepesi mawili, mistari mifupi haikupi nafasi ya kuvuta pumzi. Kila mwalimu atakwambia hizo ni kwato za farasi, na ni kweli, lakini mimi nasikia na kitu kingine, nasikia amri. Ukishaanza kulisoma kwa sauti huwezi kusimama katikati ukauliza swali, mstari unakusukuma kwenye mstari. Msomaji anapelekwa kama wale askari.

Na katikati ya huo mwendo ndio anakudondoshea kwamba mtu amekosea. Tena angalia anayejua ni nani. Hasemi watu walikuja kujua baadae, hasemi mshairi anajua. Anasema ASKARI alijua. Yani kabla hawajafika kwenye mizinga wewe msomaji tayari una siri ileile aliyonayo yule aliye juu ya farasi, kuanzia ubeti wa 2 mpaka wa 6 unasoma ushujaa ukiwa unajua ni wa bure. Ndio maana hawawezi kuniambia hili ni shairi la kusifia vita tu. Sifa ipo na ni ya kweli, ila iko juu ya hilo kosa.

Nahodha wa Kilindini

Mkuu umetiririka vizuri lakini sikubaliani na wewe hapo mwisho. Mtu akisema kazi yao si kujibu, kazi yao si kuuliza kwa nini, kazi yao ni kutenda na kufa, huyo anasifia utii wa kipofu. Na mwisho wa shairi anatuamrisha tuwaheshimu. Hakuna mahali amemgusa Raglan wala Lucan. Mshairi wa malkia analipwa na serikali, ulitegemea amtukane lord? Hilo shairi lilikuja kutumika kuwapeleka vijana wengine vitani, kizazi kwa kizazi.

Kipande_cha_Nne

Nahodha hoja yako ni nzito na ndio maana nikafungua uzi. Kwamba lilitumika hivyo sibishi. Lakini hebu tuisome ile mistari mitatu pamoja na kilichotokea siku ile.

Kazi yao si kujibu. Unajua siku ile nani alijibu? Cardigan alijibu. Alimwambia shemeji yake kwamba mbele kuna mizinga ya Warusi na pande zote mbili kuna mizinga na bunduki, na Lucan akamjibu anajua, ila Raglan ndio anataka hivyo na hawana la kufanya ila kutii. Kwa hiyo malord walipata muda wa kuongea, wakaambiana kabisa kwamba hiki kitu hakifai, kisha wakakifanya. Ambao hawakuwa na nafasi ya kusema neno ni wale wa nyuma yao. Tennyson anapotumia neno "yao" anawatenga na wenye kutoa amri. Kazi yao si kuuliza, sawa, ya nani basi? Hilo swali linabaki limening'inia na shairi halilijibu.

Na kuhusu kutomtaja mtu, hapo ndio pananivutia kuliko pote. Kwenye lile toleo la kwanza la The Examiner jina LILIKUWEPO. Nolan ndio alitajwa kama aliyesema chukueni mizinga. Baadae akalifuta. Kwenye toleo tunalosoma leo kuna sauti tu inaamrisha, mbele Brigedi Nyepesi, shambulieni mizinga, "alisema". Alisema nani? Hakuna. Shairi zima lina maneno ya mtu mmoja tu na huyo mtu hana jina wala uso.

Wapo wanaosema alifuta ili kulinda wakubwa. Mimi naona kinyume chake. Jina la Nolan lingebaki, lawama yote ingemwangukia kapteni mmoja aliyekwisha kufa, na kuna watu jeshini wangefurahi sana iishie hapo. Kulifuta kumeiacha lawama wazi, inapanda juu.

MamaZuhura

Mwanangu hongera, umenikumbusha mbali. Sisi wa zamani tuliwekewa hili shairi tulikariri bila kuambiwa hata hiyo Crimea iko wapi, tunapiga meza tu kwa mkono kufuata mdundo. Mimi nina swali la mtu wa vina. Kwa Kiingereza najua vina hawavipangi kama sisi, lakini pale kila ubeti unarudi kwenye mia sita. Hiyo si bahari ya utenzi hiyo?

Kipande_cha_Nne

Mama shikamoo. Umegusa penyewe hasa.

Kwa ambao hawakusoma fasihi: kwenye utenzi ubeti una mistari minne, mizani minane kila mstari, mitatu ya kwanza ina kina chake na wa nne una kina kinachopita utenzi mzima toka mwanzo hadi mwisho, ubeti wa kwanza na wa mia nne vinaitikiana. Tennyson hakuujua utenzi lakini amefanya kitu cha jinsi hiyo. Beti zake hazilingani urefu, vina vya ndani vinabadilika, ila kila ubeti unaishia "six hundred" na katikati anaizungushia maneno ya sauti ileile: blundered, thundered, wondered, sundered. Alizaliwa Lincolnshire na watu wa kule hiyo hundred waliitamka kama hunderd, kwa hiyo masikioni mwake vina vilikuwa vinakaa sawasawa kuliko tunavyovisikia sisi.

Sasa angalia vile anaitumia hiyo bahari yake. Beti tatu za mwanzo: wanaingia, wote mia sita. Ubeti wa 4 wameshafika kwenye mizinga, mapanga yanawaka hewani, wanaingia ndani ya moshi, Warusi na Makozaki (wapanda farasi wa upande wa Urusi) wanayumba, halafu: kisha wakarudi, lakini si, si wale mia sita. Hilo "si" analisema mara mbili, moja mwisho wa mstari na jingine mwanzo wa unaofuata. Ukilisoma kwa sauti lazima usite pale kwenye mkato, shairi ambalo halikukuruhusu kusimama hata mara moja hapo ndio linakusimamisha, na ni kwa ajili ya hesabu ya maiti. Ubeti wa 5: wote waliobaki, waliobaki wa mia sita. Kiitikio ni kilekile, namba ni ileile, watu hawapo. Angebadilisha namba, aweke wangapi wamebaki, ingekuwa ripoti ya jeshi.

Na kuhusu namba yenyewe, taarifa za mwanzo za gazeti zilitaja watu 607, baadae ikaonekana walikuwa karibu 700. Alikataa kubadilisha, akasema mia sita ndio inakaa kwenye mizani.

fomu_six_2

Kaka samahani naingilia, mimi nina mtihani. Tunaambiwa ubeti wa 3 na wa 5 vinarudiarudia kitu kimoja, mizinga kulia kwao, mizinga kushoto kwao. Niandike ni takriri basi imeisha?

Kipande_cha_Nne

Mdogo wangu andika takriri lakini usiishie hapo. Ziweke beti zote mbili pembeni pembeni kwenye karatasi moja. Ubeti wa 3 ni mizinga kulia, kushoto, na MBELE yao. Ubeti wa 5 ni kulia, kushoto, na NYUMA yao. Neno moja limebadilika na ndio limegeuza farasi wote. Wameshageuka wanarudi kupitia bonde lilelile, wanapigwa tena na haohao. Ubeti wa 3 wanaingia kwenye taya za Mauti na mdomo wa Jahanamu, wa 5 wanatoka humohumo. Kwenye wa 3 hakuna hata mmoja anayeanguka, umeona? Makombora yanawanyeshea na wao wanapanda kwa ujasiri, basi. Ni kwenye wa 5 ndio anasema farasi na shujaa wanaanguka, na farasi kamtanguliza. Ukiandika hayo mtahini ataona umesoma shairi.

Ongeza na Bonde la Mauti. Hilo limetoka Zaburi ya 23, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti sitaogopa mabaya kwa maana wewe upo pamoja nami. Msomaji wa Kiingereza wa 1854 aliijua hiyo zaburi kwa moyo. Tennyson akachukua bonde, akachukua kutoogopa, ile sehemu ya kwamba wewe upo pamoja nami akaiacha. Hakuna aliye pamoja nao. Mungu hatajwi shairi zima.

fomu_six_2

Asante sana kaka, hilo la zaburi hatukuambiwa.

Nahodha wa Kilindini

Hapo kwa zaburi umenigusa. Lakini bado, ubeti wa 6. Utukufu wao utafifia lini, waheshimuni, watukufu mia sita. Hiyo ni hotuba ya sherehe. Kama alitaka lawama ibaki kwa nini amalizie na tarumbeta? Mimi nikilinganisha na Hemedi bin Abdallah kwenye Utenzi wa Vita vya Wadachi, yule anamtaja Bushiri kwa jina, unajua nani alisimama wapi. Huku dunia nzima inastaajabu tu.

Kipande_cha_Nne

Ubeti wa 6 ndio dhaifu kuliko zote, hilo nakupa. Hauna mwendo, farasi wameisha, limebaki tamko. Na hiyo tofauti na Hemedi ni ya kweli kabisa, ila tukumbuke Hemedi alikuwa mtu wa Mrima, anaandika vita vilivyomkuta kwao kwa watu wanaowajua hao waliotajwa. Tennyson yuko kisiwani na gazeti mkononi, bonde hajaliona. Anachokijua ni kwamba wamekwenda, wamekufa, na mtu amekosea.

Lakini nilisema nitafika kwenye ule mstari uliotolewa. Mwaka 1855 alilichapisha tena ndani ya kitabu chake cha Maud, na kwa kuwasikiliza watu akalifanyia usafi, akauondoa mstari wa mtu amekosea. Likawa shairi la askari jasiri wanaotii, basi, kile hasa unachokilaumu wewe. Watu wakaona limeharibika. Sasa ikaja habari toka kulekule vitani, kasisi mmoja aliyekuwa na wanajeshi akasema askari wanalipenda hili shairi, wengine wanaliimba, waletewe nakala. Tennyson akachapisha nakala 1,000 kwenye karatasi ili watumiwe kule Crimea, na kwenye hizo akaurudisha ule mstari. Tafakari hilo Nahodha. Waliokuwa kwenye matope ya Sevastopol, ambao kesho yake wangeweza kupewa amri kama ile, hao ndio alioona wastahili toleo lenye kosa ndani yake. Shairi la kuwaambia watii tu wasiulize, lingewatosha lile lililosafishwa.

Jicho la Kati

Niongeze tu kitu kidogo, siku hiyohiyo Brigedi Nzito chini ya Scarlett ilipanda kilima ikawarudisha nyuma Warusi wengi kuliko wao, na ilifanikiwa. Na Wafaransa, wale wapanda farasi wao wa Chasseurs d'Afrique, waliinyamazisha mizinga ya upande mmoja la sivyo wasingerudi hata hao wachache. Hao hawajulikani kama wale walioshindwa. Tennyson aliandika la Brigedi Nzito pia miaka mingi baadae, nani analikumbuka?

Na kwenye mtandao kuna sauti ya Tennyson mwenyewe analisoma hili la Brigedi Nyepesi, ilinaswa mwaka 1890 kwa mashine ya Edison ya mitungi ya nta. Mikwaruzo mingi lakini mdundo unausikia.

MamaZuhura

Nimeisikiliza hiyo sauti sasa hivi, mjukuu kanitafutia. Anaimba yule, hasomi. Kama msomaji wa utenzi barazani, anavuta vuta.

Nami niulize, wale waliorudi walipata nini?

Kipande_cha_Nne

Mama hapo ndio panauma. Wakubwa: Lucan alirudishwa nyumbani 1855 akitetea jina lake, maana Raglan alimwambia usoni kwamba ameipoteza Brigedi. Raglan mwenyewe alifia kulekule Crimea Juni 1855. Cardigan alipokelewa Uingereza kama shujaa. Siku ile ya vita aliwafikisha watu wake mpaka kwenye mizinga, hilo hawezi kunyimwa, alikuwa mbele ya wote, kisha akageuza farasi akarudi, na usiku akalala kwenye jahazi lake la starehe bandarini.

Askari wa kawaida, wengi walizeeka kwenye ufukara. Mwaka 1890 hali ilikuwa mbaya kiasi ikabidi uanzishwe mfuko wa kuwachangia, na ni kwa ajili ya mfuko huo Florence Nightingale, yule muuguzi wa vita hivyohivyo, alirekodiwa sauti yake. Mwaka huo Rudyard Kipling akaandika shairi juu ya manusura wa Brigedi waliobaki na njaa wakati watoto mashuleni wanawakariri. Kipling ninayemjua si mtu wa kulaumu dola ya Kiingereza kirahisi, lakini pale alilaumu.

Nahodha, ubeti wa 6 unasema waheshimuni. Mimi nikiusoma baada ya kujua hayo ya 1890 siusikii kama tarumbeta, nausikia kama deni lililoandikwa. Kama bado unaona ni hotuba ya sherehe niwekee hapa mstari kwa mstari tuendelee, nipo.